Robine ya Mwisho Kilimani

Mtaani kwetu Bunia tulimwita Muzee wa Vane. Vane ni kile chuma kilichozikwa chini ya barabara, chenye kufungua na kufunga maji ya mtaa mzima. Kazi yake katika shirika la maji la Leta, yaani la serikali, ilikuwa hiyo: kuzunguka mji na ufunguo mrefu wa chuma begani, kuwapa maji watu wa upande huu, kisha kuwafungia ili wa upande ule nao wapate. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia.

Maji hayakuwahi kutosha mji wote kwa pamoja. Mabomba ni ya zamani, ya wakati mji ulikuwa na watu wachache, na pampu hulala umeme unapolala. Watu nao wameongezeka, wengi wao kama sisi, tuliokimbia vita kutoka pande za Kpandroma na vijiji vingine vya Djugu. Kwa hiyo maji yalitembea kwa zamu, kama mgeni ambaye kila ndugu anataka alale kwake. Hakuna aliyejua atafika lini. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, kila mtu alifanya jambo lile lile: aliacha robine yake, ile koki ya uani, wazi, akaweka beseni chini yake, akaenda shambani, sokoni au kanisani. Maji yakija, yatajaza yenyewe.

Yalijaza kweli. Yalijaza, yakafurika, yakatembea uani na kushuka mferejini hadi kwenye kijito, huku mwenye nyumba akiwa bado anauza majani ya sombe sokoni. Na watu wote wa chini wakiwa wameacha wazi, maji yalikosa nguvu ya kupanda. Sisi wa kilimani tulipata habari zake tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa vita ya Muzee wa Vane. Kazi aliyoandikiwa iliishia barabarani. Lakini akishafungua vane, aliacha ufunguo wake ukutani mwa mtu na kuanza kuingia nyumba kwa nyumba, kufunga robine za watu ambao hawakuwepo. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena, kisha akaingia ameinamisha kichwa kama mtu aliyechelewa misa. Akikuta beseni limejaa, alifunga. Akikuta halijajaa, alichuchumaa kando yake mpaka lijae, halafu akafunga. Alizungusha polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Na kila alipofunga alisema neno moja, hata kama hakuna wa kumsikia:

— Nyuma yako kuko mutu.

Watu hawakumshukuru. Kulikuwa na mama mmoja wa barabara ya chini, mwuza mandazi, mwenye sauti inayofika mbali. Siku moja alirudi nyumbani kuchukua unga akamkuta mzee lupangoni mwake, ndani ya ua, ameinama kwenye robine. Alitoka jikoni na mwiko wa bugali.

— Weye muzee, unatafuta nini mu lupango yangu? Bwana yangu haiko!

— Natafuta robine, mama. Bwana yako atabakia wa kwako.

— Mwizi wa mayi!

— Mwizi anabebaka. Mimi niko nafunga.

— Na kesho nikikosa?

— Kesho ukikosa, uliza jirani yako mwenye hakufunga.

Mwiko ulimpata begani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akionyesha doa kwenye shati. Hakulalamika juu ya pigo. Alisema tu kwamba bugali ile ilikuwa ya muhogo mzuri, na ilikuwa dhambi kuitumia kupiga mtu.

Mtu huyo aliyeingia nyua zote za mji aliogopa mbwa. Aliwaogopa mpaka jasho linamtoka. Kwa hiyo mfukoni alibeba vichwa vya samaki wakavu, wale wanaotoka ziwani Kasenyi, awatupie mbwa wanaobweka. Mbwa walimzoea. Wakaanza kumfuata, barabara hadi barabara, na yeye akawa anatembea haraka mbele yao huku akijifanya haogopi. Watoto wakiona mbwa wamepanga mstari walikimbia nyumbani wakipiga kelele: “Mayi inakuja! Mbwa wamefika!” Alikuwa ananuka samaki hata kanisani. Mke wake alimwambia mbele yetu kwamba siku akifa, mbwa ndio watabeba jeneza.

Alisema maji ni kama ng'ombe. “Mayi haifukuzwake. Mayi inachungwaka.” Ukifungua vane kwa pupa, bomba linapasuka mbele, mahali ambapo hukulitazamia, kama vile ng'ombe waliopigwa fimbo mlangoni wanavyovunja zizi. Kijana aliyekuja kujifunza kazi kwake alifukuzwa siku ya kwanza kwa kuzungusha haraka. Wa pili alivumilia kidogo, akaondoka analia. Mzee aliyewahurumia wanawake asiowajua hakuwa na huruma kwa watu aliofanya nao kazi. Alikuwa mgumu, tena mbishi, na akishakasirika alinyamaza mpaka wewe ndiwe uombe radhi hata kama kosa ni lake.

Wala si kila alichojaribu kilifaa. Wakati fulani alinunua filimbi. Alisema atapiga filimbi kila akifungua maji, watu wakimbie nyumbani, wachote, wafunge. Kwa muda mfupi ilifaa sana. Kisha watoto nao wakapata filimbi. Wakawa wanapiga asubuhi na mchana, na akina mama wakawa wanaacha biashara zao sokoni na kukimbia nyumbani kukuta robine kavu na mtoto anacheka. Mzee aliitia filimbi mfukoni pamoja na samaki. Hatukuisikia tena.

Alikuwa na sheria moja ya zamu, na sheria hiyo aliivunja mwenyewe kwa sababu moja tu: kilio. Mtu akifa mahali, alihamishia maji pale hata kama si zamu yao. Wafiwa hawawezi kukosa maji, alisema. Kuna maiti ya kuosha, kuna chai ya waliokesha, kuna wageni. Mji wote ulijua hivyo. Basi kiangazi kimoja watu wa ile barabara ya chini, ya mama wa mandazi, walikaa bila maji muda mrefu, maana bomba lao lilipasuka, na lilipotengenezwa zamu yao ilikuwa imepita. Wakatundika bashi, yaani turubai, uani, wakapanga viti, wanawake wakafunga vitambaa kichwani na kuanza kulia.

Mzee alifika na ufunguo wake. Alivua kofia, akaketi kwenye benchi kama anavyopaswa kuketi mtu aliyekuja kilioni.

— Poleni. Ni nani ametuacha?

— Ni baba mukubwa, alijibu mwanamume mmoja.

— Ni shangazi! alijibu mama wa mandazi, wakati ule ule.

Kilio kilikatika. Mzee alimtazama huyu, akamtazama yule.

— Poleni sana. Mumefiwa watu wawili siku moja.

Nyuma mtu alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Wanawake walivuta vitambaa usoni, mabega yakitikisika.

— Na maiti iko wapi?

— Iko njiani, muzee. Inatoka Komanda.

— Ya baba mukubwa ao ya shangazi?

— Yote mbili, alisema mama wa mandazi. Kwa pikipiki moja.

Mzee aliinamisha kichwa. Halafu akasema tuombe. Akaomba sala ndefu, yeye aliyekuwa na sauti mbaya na hakuwahi kuombesha mtu yeyote. Aliwaombea waliokufa kwa pikipiki moja, akaiombea pikipiki, akawaombea wale walio kilimani ambao hawajaona maji tangu mvua. Watu walibaki wamesimama mpaka magoti yakawauma. Aliposema amina, akachukua ufunguo.

— Nitafungua. Lakini muchote, mufunge. Nyuma yenu kuko watu.

Akafungua. Na siku ile watu wa barabara ya chini, sijui ni kwa aibu au kwa kicheko, walifunga robine zao wote. Tangu hapo tuliwaita Wafiwa wa Pikipiki, na wao wenyewe walilipenda jina hilo.

Sasa niseme kuhusu nyumba yake, maana mambo haya yote yalikuwa yanaelekea huko.

Alikaa kilimani, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja tulipojenga vibanda vyetu sisi tuliokimbia. Tukienda kwenye chemchemi tulipita kando ya ua wake. Bomba la Leta lilipanda kilima na kuishia kwake. Alipohamia pale, kabla hata ya kupiga nyumba lipu, alisimamisha nguzo ya mkaratusi uani na kufunga robine juu yake, akamwambia mke wake kwamba maji yatafika hapo. Mke wake aliweka chini ya robine beseni lake la arusi, la bati jeupe lenye maua mekundu, akaifungua robine. Na haikufungwa tena.

Mke wake alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye mgongo uliomsumbua. Alikwenda nasi kwenye chemchemi, upande wa pili wa kilima, kwa ile njia ya udongo mwekundu inayoteleza. Akiona tunachoka, alitutania.

— Bwana yangu anagawiaka Bunia yote mayi. Mimi, ananigawia habari.

Maji yakiwa njiani kujaza bomba, upepo uliomo hutangulia. Robine iliyo wazi huanza kutoa pumzi, taratibu, kama mtu aliyelala. Mara kwa mara, siku ambazo chini wamechota vya kutosha, upepo ule ulifika mpaka kwake. Hapo mke wake alitoka jikoni anapiga kelele:

— Inapumua! Inapumua!

Tulikimbia na bidoni zetu, madumu ya kuchotea, watoto mbele. Tulisimama kuizunguka nguzo ile, tukaisikiliza ikipumua. Kisha ikanyamaza. Beseni lilikuwa kavu kama lilivyokuwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, ili sisi tusione aibu ya kukimbia bure.

Watu walimtania mzee juu ya robine ile.

— Muzee, zetu unafunga, ya kwako iko wazi tangu Nuhu!

— Ya kwangu iko ya mwisho, alijibu. Nyuma yake haiko mutu.

Na ilikuwa kweli. Robine ile haikuweza kumnyima mtu yeyote chochote.

Lakini ufunguo ulikuwa wake. Angeweza kufunga barabara za chini siku moja na kuyasukuma maji yote kilimani. Alijua, na mke wake alijua. Alasiri moja nilikuwa nimetua bidoni yangu nje ya ua wao, napumzika, nikawasikia.

— Siku moja tu, bwana yangu. Funga kule chini siku moja.

— Kule chini kuko maternite, wamama wenye kuzaa.

— Kuko pia wenye kuosha pikipiki na mayi ya kunywa.

— Nao wako.

— Na mimi mugongo inavunjika.

— Nitakuletea. Siku watu watajua kufunga, mayi itapanda yenyewe.

— Siku ile, mimi nitakuwa wapi?

Nilibeba bidoni yangu nikaenda, nikitembea taratibu wasinisikie.

Baada ya hapo tulianza kumkuta yeye mwenyewe kwenye chemchemi, jioni akitoka kazini, bado amevaa nguo za shirika, na bidoni mbili mikononi. Wanaume hawaendi pale, labda vijana wa kuuza maji. Akina mama walimpisha apite mbele. Alikataa. Alisimama nyuma ya mtoto wa mwisho, akitazama chini, na zamu yake ikifika alichota akaondoka. Mwanzoni watu walicheka: mwenye maji ya mji mzima anapanga foleni na watoto. Kisha hawakucheka.

Mke wake aliendelea kwenda asubuhi, mzee akiwa kazini. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza kwenye ule udongo, bidoni ikiwa imejaa. Mama yangu na wengine walimbeba kwa kitenge mpaka nyumbani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Haikupona vizuri. Alibaki kitandani, kitanda kikiwa kimesogezwa karibu na dirisha linalotazama nguzo, na kila mume wake alipoingia alimwuliza:

— Imepumua?

— Bado kidogo.

Nilimsikia akijibu hivyo mara nyingi, kwa sauti ile ile. Kisha mgonjwa akapata homa, na homa ikamchukua.

Siku ya kilio tulidhani tutayaona maji. Wenzake wa kazini walikuja na ufunguo, wakamwinamia alipokuwa ameketi.

— Papa, tufungulie kilima?

— Robine za chini ziko wazi, alisema. Mutapoteza bure.

Mama yangu alikuwa ameshika sufuria tupu. Tulikuwa na wageni wengi na maji ya chai hayakutosha hata wazee. Ndipo tukaona watu wanapanda. Ilikuwa barabara ya chini yote, wanawake wakiwa na bidoni kichwani, wanaume wakisukuma pikipiki zilizofungwa bidoni kila upande. Mbele alikuwa mama wa mandazi, anahema, hana sauti hata kidogo. Alitua mzigo wake mbele ya mzee.

— Muzee, tumefunga zote. Kila lupango. Tumeacha watoto wanapita kuangalia.

Mzee aliwatazama wale watu, akazitazama bidoni.

— Mumefunga polepole?

— Polepole, muzee.

Saa ile umeme ulikuwa umeshalala, pampu zimelala, na robine ya nguzoni haikupumua. Lakini walikuwa wamefunga.

Hakukaa sana kazini baada ya kilio kile. Walimpumzisha, na ufunguo wakampa kijana. Shirika nalo lilipata mkubwa mpya, mama kijana aliyesomea mambo ya maji. Mama huyu aliugawa mji vipande vipande. Akaanza kutangaza redioni siku ya maji ya kila kipande, na kuitimiza. Akishindwa, alirudi redioni kusema ameshindwa na kwa nini. Kisha akaweka konteri kwenye kila ua, ile saa ndogo inayohesabu maji yanayopita, ili kila mtu alipe aliyoyapitisha.

Mzee alichukia konteri. Alisema ni polisi wa bomba. Kijana wa shirika alipokuja kumwekea yake, alimrudisha mlangoni.

— Konteri ya kuhesabu nini? Upepo?

Ndipo yule mkubwa alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mbao uani. Nilikuwa pale, nilimletea mzee majani ya sombe kutoka kwa mama yangu.

— Papa, shikamoo.

— Karibu. Mutu anafundishwa, mama. Hapimwake kama kilo ya nyama.

— Weye ulifundisha, papa. Ulipitaka nyumba kwa nyumba. Sasa weye hauko unapita. Nani anapita?

Mzee aliutazama mkono wake, ule wa kuzungushia.

— Hakuna, alisema.

— Njo maana ya konteri. Inapita nyumba kwa nyumba mahali pako.

Hakukubali siku ile. Aligeuza uso pembeni na kuanza kuzungumza juu ya mvua. Lakini mwezi ulipoandama alishuka mjini, akatembea barabara alizokuwa akitembea, mbwa wachache wazee wakimfuata. Aliporudi alisimama kwetu kupumzika, akamwambia mama yangu:

— Zimefungwa. Sikukuta hata moja wazi. Mimi nilikuwa ninafunga robine. Yule mutoto wa konteri amefungisha watu.

Mama akasema Mungu asifiwe. Mzee akaitikia. Akawa anaugeuzageuza mkongojo wake.

— Angekuja mapema kidogo, alisema, akitazama njia ya chemchemi.

Maji yalianza kuwa na nguvu. Shirika likaweka pampu ndogo chini ya kilima, na wakachimba mtaro wa bomba jipya kuanzia pale bomba la zamani lilipoishia, mbele ya ua wa mzee, mpaka kwenye uwanja wetu, ambako walijenga robine ya wote. Mtaro ulipopita mlangoni kwake aliwaletea wachimbaji benchi wakae kivulini. Hakusema neno. Mimi nilidhani amefurahi.

Siku ya kufunguliwa tulipanga bidoni tangu asubuhi. Mkubwa wa shirika alikuwepo na wafanyakazi wake, na wanakwaya, na Wafiwa wa Pikipiki waliopanda kuona. Mama yangu alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Chini walifungua vane. Tukangoja. Tukaimba, tukaacha kuimba. Mkubwa alipiga simu chini, wakamwambia maji yamepita zamani, yako kilimani. Robine yetu haikutoa hata pumzi. Watu walianza kutazamana. Mama alivua kandambili zake akaketi juu ya bidoni, na nikaona uso wake unarudi kuwa kama siku zote.

Nilichukua bidoni yangu nishuke kwenye chemchemi, maana jioni ingefika na nyumbani hapakuwa na maji. Nilipokaribia ua wa mzee nikasikia maji yanamwagika.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nguzo ya mkaratusi. Maji yalikuwa yanatoka kwenye robine ya mke wake kwa nguvu, meupe, safi. Beseni la maua mekundu lilikuwa limejaa, na yalikuwa yakimwagika pembeni pote na kukimbia uani, yakipita chini ya viatu vyake, yakitoka langoni. Alikuwa ameloa mpaka magotini. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyechelewa sana, asiyejua aanze kumwuliza nini.

Nilisimama langoni. Nilijua kwa nini huko juu hakuna maji. Nilijua neno linalopaswa kusemwa, maana yeye ndiye aliyeufundisha mji wote neno hilo. Sikuweza kumwambia yeye.

Aliniona. Aliiona bidoni tupu mkononi mwangu.

— Mutoto yangu. Kule juu imefika?

Nilitikisa kichwa.

— Hata pumzi?

— Hata pumzi, papa.

Alitazama juu, kwenye uwanja wetu, ambako zamani kulikuwa na majani tu. Kisha akaitazama robine. Sijui kama alikuwa akihesabu mambo au akiomba. Halafu akashika nguzo kwa mkono mmoja, akainuka, akaweka mkono wa pili juu ya robine ile ambayo hakuwahi kuifunga tangu aliposimamisha nguzo. Ilikuwa imeshika kutu, ikakataa. Nilisogea ili nimsaidie. Akatikisa kichwa.

Alizungusha polepole. Maji yakawa membamba, yakawa uzi, yakawa matone. Aliinama juu ya beseni lililojaa, uso wake karibu uguse maji.

— Muke yangu, alisema. Nyuma yako kuko mutu.

Mkono wake haukuondoka kwenye robine. Kisha juu, uwanjani kwetu, sauti ya mwanamke ilipiga kelele, na nyingine, na watoto wote kwa pamoja:

— Inapumua! Inapumua!

Naye akainua kichwa upesi na kugeukia mlango wa jiko, kama mtu aliyeitwa.